Maji Yanayokuja Baada ya Mvua

Wakala aliyenipeleka Saudia aliniambia mambo mengi ya uongo, lakini uongo ulionisumbua kuliko wote haukuhusu kazi wala siku za mapumziko. Nilimuuliza kama huko kuna radi. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho.

"Radi itoke wapi, dada? Huko ni mchanga mtupu. Mvua utaiona kwa televisheni."

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Nimezaliwa Kisii, na nilipokuwa darasa la nne radi ilipiga shule yetu saa nane mchana. Msichana tuliyeketi dawati moja alikufa papo hapo. Mimi niliungua kidogo mguuni. Tangu siku hiyo wingu likijikusanya, nalijua hata kabla sijalitazama. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, na bado mvua ikianza kunguruma nilikuwa nikitafuta pa kujificha, watoto wangu wakinitazama. Kwa hiyo maneno ya wakala yalinipendeza. Nikaenda.

Riyadh walinipa chumba juu ya paa, kando ya matangi ya maji na kamba za nguo. Miezi ya kwanza ilikuwa joto tu, joto la kukausha hata mate, na nilimshukuru Mungu kila asubuhi nikiona mbingu haina kitu. Kisha baridi ikaingia. Alasiri moja nilikuwa naanua mashuka, nikaona upande wa magharibi umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilidhani ni moshi. Ilikuwa vumbi, ukuta mzima wa vumbi, na nyuma yake kulikuwa na kitu cheusi kinachowaka ndani kwa ndani.

Upepo wa baridi ulinipiga kifuani. Mashuka yakaruka. Kisha mawe yakaanza kuanguka, mawe ya barafu makubwa kama ndimu, yakigonga matangi kwa kelele za kutisha. Ngazi ya kushukia ilikuwa hatua ishirini hivi, na sikuweza kuzipiga. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, halafu nikakumbuka kwamba mlango ule ni wa chuma. Nikaingia chini ya kitanda, nikaziba masikio, nikawa naita jina la mama yangu.

Madam, mke wa bosi, alinikuta huko mvua ilipopungua. Alikuwa amepanda kunigombeza kwa sababu ya nguo. Akainama, akaniona, akashuka. Nilijua kazi imekwisha. Baada ya muda nikaitwa sebuleni kwa mama mzazi wa bosi, bibi mmoja mnene, mwenye macho mabovu na sauti ya kuamuru. Wafanyakazi wote tulimwita Mama Kubwa.

"Unaogopa mvua?" aliniuliza kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe.

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri," akasema. "Nyumba hii nzima nilikuwa naogopa peke yangu. Kaa hapa."

Mama Kubwa hakuwa mtu wa Riyadh. Alikuwa mzaliwa wa Jeddah, na miaka ya nyuma mafuriko yaliingia kwenye nyumba yake ya chini akiwa ndani. Alisimama juu ya meza ya jikoni tangu asubuhi mpaka jioni, maji yakiwa kiunoni, akamsikia jirani yake wa upande wa pili wa ukuta akiita, halafu hakumsikia tena. Tangu hapo alikuwa akifuatilia mawingu kama watu wengine wanavyofuatilia mpira. Mwanawe alikuwa amemnunulia tableti, lakini macho yalikuwa yamemwishia, haoni rangi vizuri. Alihitaji mtu wa kumsomea. Mtu ambaye hangecheka.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Kila siku baada ya kuosha vyombo vya mchana tuliketi, yeye kwenye kochi na mimi kwenye zulia, tukafungua picha za setilaiti. Alinifundisha kwamba buluu ni mvua ya kupita, njano ni ya kuangalia, nyekundu ni ya kuingia ndani. Alinifundisha kwamba picha haikuonyeshi wingu lilipo. Inakuonyesha lilipokuwa. Kwa hiyo unachukua picha mbili zilizopishana saa moja, unapima kwa kidole limesogea kiasi gani, halafu unahesabu vidole vilivyobaki mpaka nyumbani. Kwenye ramani yetu, upana wa kidole changu ulikuwa karibu sawa na saa moja.

"Vidole vingapi?" alikuwa akiuliza.

"Vinne, Mama."

"Basi pika kwanza."

Sikuwa nimewahi kujua kwamba kitu kinachokutisha unaweza kukipima. Hofu haikuisha. Niseme kweli, iliongezeka, kwa sababu sasa nilianza kuogopa mapema, wingu likiwa bado mbali, wenzangu wanacheka na kuchambua mchele. Lakini ilikuwa hofu yenye kazi ya kufanya.

Mwaka uliofuata bosi alipata kazi ya ofisini Bandari ya Jeddah, familia ikahama na mimi nikahama nayo. Mama Kubwa alirudi mjini kwake akiwa mgonjwa. Figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki, Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, ilibidi apelekwe hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, saa nne mfululizo, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Dereva wetu alikuwa Mkenya kutoka Eldoret, mtu mzima, mcheshi, ambaye alitutazama na tableti yetu kwa huruma.

"Sista, hata kwetu mvua hatuipimi," alikuwa akisema. "Inanyesha, inaisha, tunapanda mahindi."

Mama Kubwa alinionya kwamba Jeddah si Riyadh. Mji uko katikati ya bahari na vilima, na kwenye vilima kuna mabonde makavu ambayo mwaka mzima hayana tone. Akanyoosha kidole upande wa mashariki. "Mvua ikinyesha juu ya kichwa chako, utalowa tu. Ikinyesha kule, hesabu saa. Maji huja baada ya mvua, jua likiwa linawaka, watu wametoka nje kupiga picha."

Nikatafuta mtu wa mashariki. Kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya nilimpata mlinzi mmoja, baba wa watoto watatu kutoka Machakos, aliyekuwa akilinda yadi ya vifaa vya ujenzi chini kabisa ya vilima, kando ya bonde. Hatukuwahi kuonana. Lakini kila wingu lilipoanza kupanda kule, alinitumia sauti: "Sista, huku kumeanza kuwa giza." Au: "Ni bure leo, upepo umelitawanya." Mama Kubwa alipenda sana sauti yake, ingawa hakuelewa neno. Alisema ni sauti ya mtu asiyetia chumvi.

Ilikuwa Jumanne ya majira ya baridi tahadhari ilipokuja kwenye simu za watu wote: mvua kubwa kesho, kuanzia alasiri. Zamu ya Mama Kubwa kwenye mashine ilikuwa saa saba mchana. Nilipiga hesabu nikaona tutatoka hospitali wakati ule ule wa mvua, na kwenda na kurudi tulipita kwenye njia inayozama chini ya barabara kuu, shimo refu la zege. Na kumkosesha zamu haikuwezekana. Alikuwa ameshaanza kuvimba miguu.

Nilimfuata madam jikoni.

"Madam, kesho Mama aende asubuhi."

"Zamu yake ni saa saba."

"Naomba tupige simu tuulize."

Bosi akasikia kutoka sebuleni. "Kila wiki wanasema mvua! Halas, basi, mwache mama yangu apumzike asubuhi."

Sikuwa nimewahi kumjibu bosi mara mbili. Nilisimama pale na taulo la vyombo mkononi, nikasema, "Baba, nikikosea, niambie nitafute kafili mwingine." Kafili ndiye mwajiri anayekudhamini, huendi popote bila yeye, na hata leo sijui maneno hayo yalitoka wapi. Madam akachukua simu, akapiga. Nesi wa Kifilipino akasema kuna mashine moja tupu saa mbili asubuhi, kama tutafika mapema.

Tulifika mapema. Kulikuwa na joto la ajabu kwa msimu ule, hewa nzito, na harufu ya bahari ilikuwa imeingia mpaka wodini. Mama Kubwa aliunganishwa. Mimi niliketi kwenye kiti cha plastiki na tableti mapajani. Wingu lilikuwa mbali, kusini-mashariki. Vidole vitano. Nikapumua.

Saa nne sauti ya mlinzi ikaingia: "Sista, huku upepo umesimama. Umesimama kabisa. Hata mifuko ya plastiki haitikisiki."

Nikafungua picha mpya. Wingu nililokuwa nalipima lilikuwa bado mahali pake. Lakini mbele yake, juu ya vilima, lilikuwa limezaliwa lingine, jekundu katikati, ambalo saa moja iliyopita halikuwepo. Vidole vyangu vyote vitano havikuwa na maana tena. Nilipima. Kidole kimoja. Labda chini ya hapo.

Mama Kubwa alikuwa amefumba macho. Damu yake ilikuwa inazunguka kwenye mirija ya mashine. Zilibaki karibu saa mbili.

"Vidole vingapi?" akauliza bila kufumbua.

Nilitaka kumdanganya. Nilifikiria nikimwambia vitatu atapumzika. "Kimoja, Mama. Limezaliwa jipya. Nimekosea."

Akafumbua macho. "Hukukosea wewe. Limekosea wingu." Akatazama mashine. "Waache wamalize. Nikitoka nusu, sijui nitarudi siku gani."

Mvua ilianza saa tano na nusu. Sitaki kuielezea sana. Taa zilizimika zikarudi, radi ikapiga mahali karibu mpaka vioo vikalia, na mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili huku nesi akiniambia kwa Kiingereza nikae, nikae, nitamwangushia dripu. Mama Kubwa alitoa mkono wake usio na sindano, akanishika kidole gumba, hakukiachia mpaka mashine ilipolia kumaliza.

Tulipotoka mvua ilikuwa imekwisha. Ndivyo ilivyokuwa: imekwisha kabisa, na jua limetoka, na maegesho yanatoa mvuke. Watu walikuwa nje na simu zao. Dereva alikuwa anatabasamu.

"Si nilikuambia? Imeisha hiyo. Twende nyumbani, bosi anapiga simu kila dakika."

Nikamweka Mama Kubwa kiti cha nyuma, nikaketi naye. Alikuwa dhaifu, midomo imekauka, kama anavyokuwa siku zote baada ya mashine. Barabara ilikuwa na madimbwi tu. Magari yalisonga. Mbele yetu niliona foleni ikiingia ile njia ya chini, gari moja baada ya jingine, taa nyekundu zikishuka shimoni na kupanda ng'ambo salama.

Simu ikalia. Nikapokea. Ilikuwa sauti ya mlinzi, na nyuma yake kelele kama malori mengi yanayopita pamoja. "Sista, maji yamevunja ukuta wa yadi. Yanashuka huko kwenu. Yana magari ndani. Mimi napanda juu ya…" Ikakatika.

"Usiingie," nikamwambia dereva.

"Nini?"

"Usiingie chini! Maji yanakuja."

"Maji gani? Sista, angalia, pakavu. Nyuma yangu kuna watu, nitageuka vipi?" Wakati huo huo simu yake ikaita, bosi, na nilisikia sauti ikisema yalla, yalla, leteni mama.

Magari matatu yalikuwa mbele yetu. Kisha mawili. Sikuwa na la kusema ambalo angeliamini, kwa sababu mbingu ilikuwa buluu. Nikafungua mlango. Gari likiwa linatembea polepole, nilifungua mlango na kuweka mguu nje, na dereva akakanyaga breki huku akipiga kelele kama ninataka kufa. Magari ya nyuma yakapiga honi. Ndipo Mama Kubwa akasema kwa ile sauti yake ya kuamuru, sauti ambayo sikujua bado anayo siku hiyo:

"Chini mafi, hapana. Panda daraja."

Dereva hakubishana na Mama Kubwa. Alipanda ukingo wa barabara, akazunguka, akapata njia ya juu, akaegesha pembeni ya daraja. Alikuwa amekasirika, hataki kunitazama. Tulisubiri. Sijui ni dakika ngapi. Nilianza kufikiri nimewatia aibu wote bure, na kwamba jioni nitafungasha vitu vyangu.

Kwanza yalikuja matairi. Matairi, mapipa, mlango wa friji, vyote vikiteleza barabarani kwenye kitu cha rangi ya udongo ambacho kwa mbali hakikuonekana kama maji. Kilikuwa kimya mpaka kilipofika kwenye mdomo wa shimo. Hapo ndipo kikanguruma. Kilimwagika ndani kama unavyomwaga ndoo kwenye karai, na taa nyekundu zilizokuwa chini zikazimika. Mwanamume mmoja alitoka kwa dirisha la gari jeupe, akasimama juu ya paa lake, na watu wa darajani wakaanza kuvua vilemba na kuvifunga pamoja ili wamrushie. Dereva wetu alikimbia kuwasaidia. Walimvuta. Wengine waliokuwa chini sikuwaona wakitoka, na sitasema zaidi ya nilichokiona.

Aliporudi garini dereva aliweka kichwa kwenye usukani. 

Hatukuweza kushuka tena, maji yalikuwa pande zote mbili za daraja. Na wakati tuko pale juu, mahali palipoinuka kuliko nyumba zote, lile wingu la kwanza, lile nililolipima asubuhi, likafika. Radi ilianza kupiga baharini na kusogea. Nilishuka kwenye sakafu ya gari, nikajikunja kati ya viti, na nikajikojolea. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama Kubwa alivuta kichwa changu akakilaza mapajani pake, akanifunika kwa abaya lake, akawa anasoma dua. Kila ngurumo ilipopiga, mkono wake ulibonyeza sikio langu. Mwanamke aliyetoka kwenye mashine ya damu muda mfupi uliopita ndiye aliyenitunza mimi.

Baadaye nilipata akili. Watu wa gari jingine walituletea tende na chupa ya maji, na ilibidi nikatae tende, kwa sababu nesi alimkataza Mama Kubwa tende na maji mengi, nikamlowesha midomo kwa kitambaa tu. Walinishangaa, wakadhani namnyima. Jua lilipokuwa linazama barabara moja ikafunguka, tukazunguka mji mzima kufika nyumbani. Bosi alikuwa amesimama mtaani, maji yamempita magoti. Alimbeba mama yake mikononi kama mtoto, akapita mbele yangu, akaingia naye ndani.  Baada ya siku hiyo, kila asubuhi ya majira ya baridi kabla ya kwenda bandarini, alikuja jikoni kuniuliza mbingu ikoje.

Lakini mlinzi hakupatikana. Nilimpigia usiku ule na kesho yake, simu imezimwa. Kwenye kundi hakuna aliyekuwa na habari. Sikula. Nilikuwa nikiirudia kichwani ile sauti yake ya mwisho nikijaribu kusikia alisema anapanda juu ya nini. Ijumaa dereva aliomba ruhusa, akaenda kwa miguu kwenye matope mpaka yadi ilipokuwa, akaambiwa Wakenya waliookolewa wamechukuliwa na wenzao. Alimkuta mlinzi jioni katika mtaa wa Bani Malik, kwenye chumba cha kupanga cha watu tisa, miguu imefungwa bandeji. Alikuwa amepanda juu ya rundo la mabomba ya zege na kukaa hapo mpaka maji yalipopungua. Ikama yake, kibali cha kuishi, na vitu vyake vyote vilichukuliwa na maji. Mwenzake wa zamu, Mpakistani waliyekuwa wakipika pamoja, hakuonekana tena.

Dereva alinipa niongee naye kwa simu.

"Sista," akasema, "niliendelea kukuambia. Nilikuambia yamefika wapi, yamepita wapi, gari gani limekwenda. Niliongea muda mrefu. Sikujua simu imekufa."

Mama Kubwa aliishi majira mengine mawili ya baridi. Alifariki kiangazi, kitandani kwake, na mimi nikabaki na tableti mpaka mkataba ulipokwisha. Mlinzi alitaka kuhama, lakini kafili hakumwachia. Walijenga ukuta upya, wakampa kibanda kipya mahali pale pale, chini ya vilima. Kila siku ya tahadhari nilimpigia tangu alfajiri, na akichelewa kupokea nilikuwa naketi sakafuni jikoni nikimpigia tena. 

"Sista? Ni wewe? Huku bado."

"Umekula?" ndilo swali nililokuwa nikiuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Naye alinieleza, polepole, kitu kimoja kimoja.